Jaji Amejitoa

Osewe alicheka kanisani.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilimtoka kama mtu aliyepaliwa na chai. Lakini kanisa zima lilikuwa kimya, majaji wamejaza safu za mbele na suti zao nyeusi, na msemaji wa chama cha voliboli alikuwa ametoka tu kutamka, huku ameshika mimbari kwa mikono miwili: "Marehemu Jaji Ambrose Wekulo alikuwa mtu wa kujitoa." Akanyamaza kidogo ili neno lituingie. Ndipo Osewe akacheka.

Mama yangu, dadake marehemu, alikuwa mbele na familia. Hakugeuka. Niliona tu kitambaa chake cha kichwa kikitikisika mara moja, halafu kikatulia. Mahali pangu palikuwa hapo kando yake, maana marehemu alikuwa mjomba wangu, lakini nilikuwa nimekataa kukaa mbele. Nilikaa na watu wa klabu, viti vya nyuma karibu na mlango, na sote tulitazama viatu vyetu. Boaz aliuma midomo. Hakuna aliyemwambia mzee Osewe anyamaze, kwa sababu wote tulikuwa tumesikia neno lile lile na kukumbuka siku ile ile.

Kwetu mtaani Gatwekera, kujitoa ni sifa. Mtu amejitoa akifika matangani mapema akapasua kuni bila kuitwa. Mwanamke amejitoa akisukuma chapati za harusi isiyo yake mpaka mikono ikafa ganzi. Mvua ikinyesha, nyumba ya jirani ikiingia maji, na wewe ukaacha yako ukaenda kubeba watoto wake, jioni utasikia watu wakisema, "Yule bana amejitoa." Wakishasema hivyo hawaongezi kitu. Sifa inayopita hapo hatuna.

Mahakamani neno hilo lina maana nyingine. Sisi tuliijua siku ambayo hatukuwa tayari kuijua.

*

Mjomba aliletwa Nairobi kutoka Bungoma akiwa mtoto wa kubebwa, na akakulia Gatwekera. Babu alikuwa fundi wa mawe. Mchana alijenga kuta za watu wa Lavington, jioni alirudi kwenye chumba cha matope na mabati ambacho mvua ilikimega kidogo kidogo. Mjomba alisoma, akawa wakili, akawa hakimu, akawa jaji mkubwa. Wenzake wengi waliosoma wakatoka hawakurudi tena, isipokuwa wakati wa kura. Yeye alirudi kila Jumamosi. Aliacha gari juu karibu na reli, akashuka kwa miguu na mfuko wa mipira begani, akiruka mitaro kwa viatu vya raba kama mtu anayejua kila jiwe lilipo.

Uwanja wetu haukuwa na jina. Palikuwa jaa la takataka mpaka yeye, Osewe na vijana wenzao wakapasafisha, wakachimba mashimo mawili kwa jembe la Osewe, wakasimamisha nguzo. Wavu hawakuwa nao. Walifunga kamba ya katani kutoka nguzo hii hadi ile. Mpira ukipita, hawa wanapiga kelele "Juu!" na wale wanapiga kelele "Chini!", maana kamba haizuii kitu, na kila pointi ilikuwa vita. Kamba ile ndiyo iliyotupa jina la klabu, Kamba Moja, na jina lilibaki hata tulipopata wavu. Osewe alipenda kusema kwamba ni pale, kabla ya chuo kikuu chochote, ndipo Ambrose alipojifunza kuamua mambo ya watu.

Hata alipokuwa mwenyekiti wa chama cha voliboli, akisafiri na timu ya taifa hadi nchi ambazo tuliziona kwenye televisheni tu, Jumamosi akiwa nchini alikaa juu ya kreti ya soda kwenye kona ya uwanja wetu na kibendera mkononi. Vijana walimwita Jaji wa Laini.

"Jaji, hiyo ilikuwa ndani! Tunakata rufaa!"

"Rufaa imetupwa," anajibu bila kugeuza kichwa. "Pamoja na gharama."

Watu wanaanguka kwa kicheko. Nilikua nikikisikia kicheko hicho, na nilidhani kila mtaa una jaji wake.

Lakini alikuwa na tabia moja. Nilipoanza kucheza na wakubwa, kila nikiingia uwanjani yeye anainuka kwenye kreti, anampa mtu mwingine kibendera, anaenda kununua njugu. Nikitolewa, anarudi. Siku moja nilimfuata pale kwa mwenye njugu, jasho likinitiririka.

"Mjomba, kwani unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe," alisema, akanimiminia njugu kiganjani.

Nilicheka. Nilikuwa msichana, nilidhani ni mzaha.

Nilikuwa seta. Kazi ya seta ni kumwekea mwingine mpira mahali ambapo mkono wake utaukuta, na watu wakimshangilia aliyepiga, wewe umesharudi mahali pako. Nilikuwa mzuri. Nasema hivyo sasa kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Mwaka ambao walitafuta wachezaji wapya wa timu ya taifa niliitwa kwenye majaribio, nikacheza siku zote kama mtu aliyewashwa moto. Kisha wachaguzi wakaingia chumbani, na mjomba alikuwa mmoja wao. Osewe alikuwa nje akikusanya mipira. Ni yeye aliyenieleza. Jina langu lilipofika, mlango ulifunguka, mjomba akatoka, akasimama kwenye korido ametazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Ndani walibaki watu ambao hawakuwahi kuniona nikicheza kwenye vumbi letu. Jina langu likapita. Mlango ukafunguka tena, akarudi ndani.

Hakuwahi kuniambia kama nilistahili. Nilingoja aniambie. Nilifunga ndoa, nikamzaa Mitchelle, nikaachika, nikarudi kwa mama, nikafungua kibanda cha mboga, na bado nilikuwa nangoja.

*

Kisha akatokea mtu na hati.

Alikuja na watu wa kupima ardhi, wakapiga vigingi vyekundu kuanzia nguzo moja hadi kwenye kinu cha kusaga unga. Uwanja, alisema, ni wa kampuni. Kampuni yenyewe hatukuwahi kuisikia. Kijana mmoja wakili, jina lake Mutuku, alijitokeza kututetea bure, na klabu ya Kamba Moja ikaenda kortini. Majuma machache baadaye Mutuku alimpigia Osewe simu kumweleza kwamba kesi imepangwa mbele ya Jaji A. Wekulo.

"Imeisha hiyo!" Osewe alimwambia kila mtu aliyempita siku hiyo. "Shimo la nguzo alilichimba yeye mwenyewe, na jembe lilikuwa langu. Nani atamdanganya kuhusu shimo lake?"

Naomba mnielewe hapa. Hatukutaka atupe kitu kisicho chetu. Hatukutaka wizi. Tulitaka aseme kweli aliyoijua, basi. Katika miaka yote ya kufukuzwa na kubomolewa, ilikuwa mara ya kwanza mwenye kujua kweli ndiye aliyekalia kiti.

Siku ya kesi, Osewe na wazee wawili walienda na wakili. Sisi wengine tulibaki uwanjani. Boaz, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kazi ya bodaboda, aliweka simu yake juu ya ile kreti ya mjomba, tukaizunguka kama watu wanaota moto. Ilipolia, Boaz aliipokea akabonyeza spika. Tulisikia honi, tukasikia mhubiri wa barabarani, kisha sauti ya Osewe ikija na kupotea.

"Jaji amejitoa! Mnasikia? Jaji... amejitoa!"

Simu ikakatika.

Sijui nianze wapi kueleza furaha ile. Mama yangu, Filister, mwanamke asiyeinua sauti hata akiibiwa, alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Wanawake wa mtaa jirani wa Soweto East walisikia wakaja na ngoma ya kanisa. Kuku walikamatwa, na wengine hawakuwa wetu. Mtu alileta soda, mwingine akaleta chang'aa akidai ni soda. Vijana walifunga wavu, wakacheza mechi isiyo na hesabu, watu ishirini kila upande, na nyanya mmoja aliyepiga sevu kwa mwiko.

"Amejitoa kama mwanaume!"

"Si niliwaambia? Damu haipotei!"

"Jaji wetu, buda! Wa laini!"

Boaz alichukua kaa la moto lililozima, akapanda begani mwa mwenzake, akaandika kwenye mabati ya kinu, kwa herufi ndefu kama yeye: JAJI AMEJITOA. Nilisimama chini ya maandishi hayo nikalia. Nilijiambia, leo hakutoka nje. Leo, kwa ajili yetu, amekaa ndani ya chumba.

Osewe na wenzake walitokea kwenye kichochoro jua likiwa bado juu. Walitembea kama watu wanaotoka hospitali. Mtu alimsukumia Osewe chupa ya soda, akaishika bila kuinywa. Alikuwa anasoma mabati.

"Nani ameandika hii?"

"Si wewe ulisema?" Boaz alimjibu, bado anahema kwa kucheza. "Amejitoa!"

"Nilisema amejitoa. Amejitoa kwa kesi." Osewe alitutazama mmoja mmoja. "Amesema anatujua, amecheza hapa, hawezi kutuamua. Ametoka. Hayuko."

"Ametoka aende wapi?" Boaz aliuliza.

Mwenye ngoma alikuwa mbali, hakusikia, akaendelea kupiga peke yake kwa muda, mpaka akaona sura zetu.

*

Jumamosi iliyofuata alikuja.

Wengi walidhani hatathubutu. Lakini alishuka kutoka kwenye reli kama kawaida, mfuko wa mipira begani, akapita mbele ya mabati ya kinu, akasoma. Hakuna aliyekuwa ameyafuta. Alisimama pale kidogo, kisha akaendelea.

"Hamjambo," alisema.

Watu walipata shughuli. Huyu anafunga kamba za viatu, yule anatafuta kitu kwenye simu. Kijana mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, "Niaje, Mheshimiwa. Umepotea njia ama?" Wengine wakacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia uwanjani kwetu kabla ya siku hiyo.

Mjomba alifungua wavu, akafunga ncha moja kwenye nguzo, akakunjua hadi upande wa pili. Wavu hauwezi kufungwa na mtu mmoja. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, wote pamoja, la sivyo nguzo zinalala upande wenye nguvu. Yeye alisimama ameshika kamba, akangoja. Jaji mzima, mwenyekiti mzima, ameshika kamba mbele ya watu, na hakuna anayeshika ya pili. Nilimtazama mama. Mama alinitazama mimi, kwa yale macho yake. Nikaenda.

Nilivuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nilitaka asikie. Wavu ulikuwa katikati yetu, na sura yake niliiona imekatwa vipande vipande vya mraba.

"Mjomba, ulikuwa unajua uwanja ni wetu?"

"Nilijua. Shimo la nguzo hiyo unayoishika nililichimba mimi."

"Sasa?"

"Ndiyo sababu, Nekoye."

"Sababu ya nini? Ya kutuacha?"

Alirekebisha kamba kiganjani. "Ningewapa uwanja, kesho yule angesema mjomba kampa mpwa. Na angekuwa na haki ya kusema. Mngeupata kwa mwezi mmoja." Alivuta kidogo. "Kila ninachojua nimekiandika, nimekiapia, wakili anacho. Jaji mwingine akitaka kunisikia, nitasimama pale kama shahidi yeyote."

"Na asipouliza?"

Alikawia. Kwa mtu aliyezoea kutupa rufaa bila kugeuza kichwa, alikawia sana.

"Usiachilie," alisema. "Ukiachilia ghafla, nguzo itaniangukia."

Jaji mwingine hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu, kama klabu ya Kamba Moja imesajiliwa. Haikuwa imesajiliwa. Mjomba alikuwa ametuambia miaka mingi tuisajili, lakini nani angeacha kibarua akapange foleni katika ofisi ya serikali kwenda kusajili kamba? Basi, jaji akasema, mbele yangu hakuna mlalamishi. Kesi ikatupwa kabla mtu hajafungua mdomo. Kile kiapo cha mjomba kilibaki kwenye faili, hakikusomwa. Shahidi wa pekee ambaye hakuna mtu angemkatalia alikuwa nyumbani kwake amevaa tai, anangoja kuitwa. Hilo nililijua baadaye kutoka kwa mama, na ile tai imenikera kuliko yote. Sijui kwa nini.

Ukuta ulijengwa wakati wa korona, tukiwa tumekatazwa kukusanyika. Tulisikia mashine zikifanya kazi, na tukabaki vyumbani. Walipotufungulia, uwanja ulikuwa ndani ya mawe, na mabati ya kinu yalikuwa yameng'olewa. Boaz alidai aliyaona baadaye mtaa wa Kawangware, yamekuwa ukuta wa kibanda cha kunyoa, JAJI upande huu wa mlango na JITOA upande ule. Boaz husema mambo mengi. Hilo sikwenda kulihakikisha.

*

Mjomba ndiye aliyeenda Kawangware kuongea na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, akatuombea kiwanja chao siku za Jumamosi. Alikwenda mwenyewe, akangoja kwenye benchi nje ya ofisi pamoja na wazazi wenye karo za kuomba muda. Tulipewa. Hakuna aliyemshukuru. Tulikuwa tunasukuma mkokoteni wenye nguzo kutoka Gatwekera hadi kule, jua likituchoma, na njia nzima tulimsema. Ndivyo chuki ilivyo. Ilitusaidia kusukuma.

Aliendelea kuja. Alikaa kwenye kreti. Akikosea mstari watu hawakukata rufaa tena kwa mzaha. Walinyamaza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alistaafu, akaugua, akapungua ndani ya koti lake. Alipenda kuja kwa mama kula ugali na mboga ya murere, na mimi nikiwa nyumbani nilimwekea maji ya kunawa, nikamjibu alichoniuliza. Mara nyingi nilifungua mdomo nimuulize yale mawili: kama nilistahili, na kama angerudishwa siku ile angetoka tena. Mara nyingi aliinua macho kama aliyejua swali liko njiani. Kisha mtu alibisha hodi, au mboga iliungua, au nilikasirika upya. Nilipoenda hospitali na maswali yangu yamepangwa, kiharusi kilikuwa kimeshachukua sauti yake. Alinitazama kwa jicho moja. Nilimpangusa mate, nikarudi nyumbani.

Tulimzika Bungoma. Jumamosi iliyofuata tukawa Kawangware, kwa mechi ya kumkumbuka.

Ilikuwa Kamba Moja na timu ya pale mtaani. Wenyeji walichora mistari kwa jivu, wakasimamisha ngazi ya fundi wa rangi iwe kiti cha mwamuzi, na pande zote mbili zikakubaliana mwamuzi niwe mimi. Nina cheti, na ligi yetu ndogo haina anasa ya kutafuta mtu asiyemjua yeyote. Kila mwamuzi ana shemeji uwanjani. Nilipanda ngazi, nikatia filimbi mdomoni, nikanyoosha mkono kuruhusu sevu ya kwanza.

Aliyeshika mpira alikuwa Mitchelle, binti yangu. Nilijua atacheza, jezi yake niliifua mimi. Lakini alipoinua macho akaniona kule juu, alitabasamu. Tabasamu dogo la mtu aliye na mtu wake ndani ya nyumba. Mkono wangu ukabaki hewani.

Nikashuka.

"Mwalimu Gerishon," nilimwita mwalimu wa michezo wa shule, mwanamume mpole mwenye miwani. "Shika filimbi. Mimi nina mtoto hapa."

"Si kila mtu ana mtoto hapa!" Boaz alipiga kelele kutoka kwenye pikipiki yake. "Mama Mitchelle, hii si korti!"

"Wacha ashuke," mwingine akasema. "Ni ukoo. Wao hushuka."

Kicheko kikazunguka uwanja. Nilienda nikakaa kwenye kreti kando ya Osewe, masikio yakiniwaka. Osewe hakucheka. Alinitazama kwa muda, akasogea ili nipate nafasi.

Mwalimu Gerishon alijitahidi. Macho yake yalifika mahali mpira ulipokuwa, si mahali ulipo. Alitunyima pointi, akawanyima wenyeji pia, na watu wakamtukana kwa usawa. Seti ya mwisho ikafika pointi ya mwisho. Seta wetu akainua mpira, na Mitchelle akapanda. Alipanda vizuri, mkono nyuma, tumbo limekazwa, na akaupiga kwenda kona ya mbali, upande wangu. Mpira ulianguka mbele ya miguu yangu. Niliona jivu likiruka, wingu dogo jeupe. Ulikuwa juu ya mstari. Kisha ukadunda, ukabingirika hadi mtaroni, ukaloa.

Mwalimu Gerishon, juu ya ngazi upande wa pili, aliinua mikono: nje.

Uwanja ulilipuka. Wachezaji wetu walizingira ngazi. Msichana wa wenyeji aliyekuwa na kibendera kwenye kona ile aliinua mabega. Alikuwa anamtazama Mitchelle, si mpira. Na wote waliokuwa upande wetu wakanigeukia mimi.

"Nekoye," Osewe aliniambia polepole. "Uliona?"

"Niliona."

"Basi sema."

Nilimtazama mwalimu. Ningemwambia akiniuliza. Ningesema kwa sauti ambayo Kawangware nzima ingesikia. Nilimkodolea macho aniulize, nikasimama kabisa ili anione, na mwalimu Gerishon akatazama huku, akatazama kule, akapangusa miwani yake kwa shati, akapuliza filimbi. Mechi ikaisha. Wenyeji wakarukaruka.

Nilisimama pale mikono ikining'inia. Nilijiona nimevaa tai.

Mitchelle hakunikaribia. Alikunywa maji amenipa mgongo, akavua vikinga-magoti vyake vya sponji, akavitupa mfukoni. Watu walitawanyika wakibishana. Boaz aliwasha pikipiki kwa hasira isiyo na sababu. Ikabaki kufungua wavu. Nilienda kwenye nguzo ya kwanza, nikangoja. Baada ya muda akaja, akashika kamba ya upande wa pili. Nadhani Osewe alimtuma, au labda alijituma.

Tulianza kulegeza. Niliona sura yake ndani ya vile vipande vya mraba.

"Ilikuwa ndani?" aliniuliza.

"Ilikuwa ndani."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Nilitaka nimwambie kwamba alipanda vizuri, kwamba mkono wake ulikuwa mahali pake, kwamba anastahili timu yoyote ambayo itakuwa na akili ya kumtazama. Nilimwambia. Nilisema yote, haraka haraka, kama mtu anayekimbizana na mvua, na sikujali nani anasikia.

Kamba ilikuwa imemkata kiganja, nikaona amekunja uso, na nguzo ikaanza kulala upande wangu.

"Usiachilie," nilimwambia.

Alinikazia macho kupitia kwenye wavu, amekasirika bado, amekasirika kabisa.

Hakuachilia.